Walivyoingia Ndegeni Sisemi

Wanangu mnaoanza kazi ya habari, nianze na lile mnalolitaka ili tusisumbuane. Kila ninapoalikwa kuzungumza na vijana, iwe hapa Kisumu au kule chuoni Bondo, swali la kwanza halihusu lugha wala sheria. Husimama mmoja, simu iko mkononi inarekodi, akasema, "Mama, ile ndege ilitekwa ikatua hapa kwetu, wale askari waliingia aje?" Jibu langu halijabadilika tangu miaka ya tisini. Niliona kwa macho yangu, nakumbuka kila hatua, na sisemi. Wengine hucheka wakidhani ni uzee. Mmoja aliniambia kwamba siri ikikaa miaka yote hiyo huwa ni historia. Nikamwambia historia yake na isubiri, mimi bado sijafa.

Jina langu pia silitaji hapa, na sababu mtaiona mbele. Jueni tu kwamba mimi ni mtoto wa Kaloleni ya hapa Kisumu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, babu yake alikuja huku na misafara ya kutoka pwani, na mama yangu alikuwa Mjaluo wa Seme aliyesilimu. Kiswahili nilikikuta kwa baba, Dholuo nikaikuta jikoni kwa mama. Mjini waliniita Mama Gazeti kabla sijazaa hata mtoto mmoja.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika gazeti moja la Nairobi ambalo siku hizi halipo. Ofisi yetu ya Kisumu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na ndani yake taipureta mbili, moja ikiwa haina herufi ya k. Jaribuni kuandika Kiswahili bila k. Nilikuwa naziacha nafasi, halafu nazijaza kwa kalamu. Habari tuliipeleka kwa simu: unapanga foleni posta, unaomba laini ya Nairobi, unamsomea karani neno kwa neno naye anapiga chapa kule. Majina ya watu ulimtajia herufi moja moja. Na opereta wa posta alikuwa anasikiliza kila kitu. Siku moja nilikuwa nasoma habari ya mazishi ya chifu mmoja, opereta akaingilia kati kunisahihisha jina la mke wa tatu. Alikuwa sahihi, nikamshukuru.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odhiambo, mwandishi aliyekuwa ofisini pale miaka mingi kabla yangu. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwahi kunisifu. Alinifundisha kubeba penseli badala ya kalamu ya wino, kwa sababu mvua ya ziwani haimwonei huruma mtu wa wino. Alinifundisha kubeba leso ya kujifunga kwenye mkoba. "Wanaume waende kwa geti na kamera," alisema. "Wewe jifunge leso, kaa na akina mama. Hakuna askari anafukuza mama amekaa chini." Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa la kusoma. Hakuruhusu habari itoke kabla hujaisoma mara tatu. Mara ya kwanza uisome kama mama wa marehemu. Mara ya pili uisome kama yule unayemtuhumu. Mara ya tatu uisome kama mwizi.

"Mwizi wa nini, Mzee?" nikamuuliza.

"Mwizi anasoma gazeti kuliko mhariri," akasema. "Soma kama wewe ndiye unaenda kuiba kesho. Angalia kama umejifundisha kitu."

Nilikubali kwa mdomo. Ujana una kiburi, nanyi mnajua.

Wakati ule kahawa ya magendo ilikuwa ikivuka ziwa kutoka Uganda, na wenye magendo walikuwa wameshawazidi polisi akili. Basi polisi wakabuni jambo. Katika ufuo mmoja upande wa Bondo, askari walilala kifudifudi ndani ya boti ya omena, dagaa wa ziwani, nyavu zikatandazwa juu yao, wavuvi wawili wa kweli wakashika makasia. Boti ya omena ikirudi alfajiri haimshtui mtu. Walipofika ufuoni wakakurupuka kutoka chini ya nyavu na kuwakamata watu wote na magunia yao. Nilifurahi kupita kiasi. Niliandika kila kitu: nyavu, jinsi walivyolala, walivyopumua, jinsi samaki walivyowanukia. Mzee Odhiambo alikuwa kwenye msiba kwao, kwa hivyo sikuwa na wa kunizuia. Habari ilitoka ukurasa wa kwanza, jina langu juu. Pale stendi wauza magazeti waliwasomea watu kwa sauti.

Haukupita mwezi. Kikosi kingine, kwa uvivu wa mkubwa wao, kikarudia mbinu ile ile katika ufuo mwingine. Wenye magendo walikuwa wakiisubiri kila boti ya omena kwa pondo, ile miti mirefu ya kusukumia mitumbwi, na kila wavu waliouona waliuchoma kwa pondo hizo. Wavuvi wasio na hatia walichaniwa nyavu zao. Konstebo mmoja anayeitwa Barasa alichomwa jichoni.

Nilikwenda kumwona hospitalini, nimebeba machungwa kana kwamba machungwa yangesaidia. Alikuwa kijana, bandeji nusu ya uso. Nilipojitambulisha hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Hiyo stori yako niliisoma, madam," akasema. "Ilikuwa tamu sana. Tuliisoma kwa kambi mara mbili."

Mkubwa wao alikuwa mvivu, ndiyo, na hilo ni lake. Lakini pondo ile mimi ndiye niliyeielekeza. Nimeishi na jicho la Barasa miaka yote hii, wala sitaki mtu anifariji.

Sasa ndege. Ilikuwa miaka ya tisini, gugumaji lilikuwa limeziba ziwa hata meli zikashindwa kutoka bandarini. Mzee Odhiambo alikuwa ameshastaafu, nami nilibaki ofisini peke yangu na taipureta ile isiyo na k. Asubuhi moja ya siku ya kazi, ndege ndogo ya abiria ilikuwa inakuja Kisumu kutoka Nairobi. Angani vijana wawili wakatoa bastola na bomu la mkono, wakamwamuru rubani avuke mpaka. Rubani akawaambia mafuta hayatoshi. Wakatua Kisumu kama kawaida, ila mlango haukufunguliwa. Walitaka mafuta, la sivyo wangeanza kuua.

Mimi nilipata habari kutoka kwa mama anayeuza mandazi karibu na ofisi, ambaye mdogo wake alikuwa na boda boda ya baiskeli. Dakika hiyo hiyo nilikuwa juu ya baiskeli. Getini kwa uwanja nikawakuta wenzangu wote wamebanwa na kamba ya polisi. Mmoja alikuwa wa gazeti la Kiingereza, tumwite Bwana Suti, kwa sababu hakuvua koti hata katika jua la Kisumu. Aliniona napita, akanicheka.

"Mama Gazeti, unaenda kuvua samaki?"

"Naenda kutafuta kivuli," nikamwambia.

Nilizunguka mpaka upande wa mashamba, nikajifunga leso, nikakaa na akina mama waliokuwa wakipepeta mtama nje ya ua wa waya. Tulipepeta mtama ule mpaka mikono ikachubuka. Pale tulipokaa tuliiona ndege, mlango na ngazi, kwa namna ambayo wa getini hawakuweza. Polisi mmoja alikuja kututazama, akaona wanawake na ungo, akaenda zake.

Mchana kutwa hakuna kilichosogea. Halafu, jua likiwa limeanza kulegea, askari waliingia ndani ya ndege ile. Nawaambia kilichofuata tu: kelele, milio michache ya bunduki, na vijana wale wawili wakatolewa wamefungwa mikono. Namna walivyoingia ndiyo hiyo mnayoniuliza. Ninaloweza kuwaambia ni kwamba haikuwa kazi ya askari peke yao. Kulikuwa na mtu mmoja, mfanyakazi wa kawaida wa uwanja ule, asiye na bunduki wala mafunzo, ambaye bila yeye mbinu ile isingewezekana. Mtu huyo aliogopa, nilimwona, na akaenda hivyo hivyo. Na kazi aliyokuwa akiifanya pale uwanjani, Kisumu nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayeifanya. Ukishaeleza mbinu, huhitaji kutaja jina.

Kisha abiria wakaanza kushuka. Wa tatu alikuwa mzee aliyevaa shati jeupe, kofia mkononi, mikono yote miwili juu. Baadaye nilijua ni Mwalimu Ogutu wa Bondo, mstaafu, aliyefundisha nusu ya watu wa kule kusoma. Polisi mmoja kijana, nyuma ya gari lililokuwa nje, akafyatua risasi. Sijui aliona nini mkononi mwa mzee. Mwalimu alianguka kwenye ngazi ya mwisho. Mama mmoja kando yangu akasema taratibu kwa Dholuo, "Wamemuua baba wa watu," akafunika uso kwa ungo.

Jioni, mkuu wa operesheni, ambaye kila mtu alimwita Afande, alikuja getini na kusoma karatasi. Watekaji wamedhibitiwa. Abiria mmoja ameuawa na watekaji. Mwenzao wa tatu, aliyewapa silaha Nairobi, hajapatikana. Bwana Suti akauliza askari waliingiaje, Afande akatabasamu akasema hiyo ni siri ya usalama. Nilisimama nyuma ya wenzangu, leso bado kiunoni, makapi ya mtama kwenye nywele.

Nilirudi ofisini nikaandika. Niliandika yote, nisiwafiche. Kurasa mbili za namna walivyoingia, nimeziandika kama mtu aliyepandwa na mashetani. Halafu nikazisoma kama alivyonifunza Mzee. Kama mama wa marehemu: nikaona mke wa Mwalimu anahitaji kujua risasi ilitoka wapi. Kama mtuhumiwa: nikamwona Afande anatoa macho, lakini kila neno lilisimama. Kama mwizi: nikajikuta nimekaa chumbani Nairobi na yule mwenzao wa tatu, gazeti mapajani. Nimeshajua mlango. Nimeshajua mtu. Nimebakisha nauli ya basi tu. Nikaliona jicho la Barasa. Nikazichukua zile kurasa mbili nikawashia jiko la chai. Zilikuwa nzuri, wanangu. Sijawahi kuandika nyingine nzuri kama zile, na roho iliniuma.

Nikapiga simu Nairobi, nikamsomea karani habari ya Mwalimu, nani alifyatua na kutoka upande gani. Haikuchukua muda mhariri mwenyewe akaja kwenye simu.

"Mama, wewe ulikuwa ndani ya uwanja?"

"Nilikuwa karibu kuliko wengine."

"Sasa mbona huandiki waliingiaje? Nchi nzima inauliza hilo tu."

"Sitaandika."

"Polisi wamekukataza?"

"Polisi hawajui kama nimeona. Nimejikataza mwenyewe. Ukichapisha hiyo, kuna mtu hapa Kisumu utamzika."

Nilisikia akiwasha sigara. "Basi hii ya mwalimu pia tuiache. Afande amesema waliomuua ni watekaji. Unataka tufungiwe gazeti?"

"Hiyo ndiyo uandike. Ukiiacha, hata mstari mmoja wa ndege hupati kutoka kwangu. Tumia karatasi ya Afande."

"Mama, wewe unataka kuficha kile watu wanataka, halafu unataka kutoa kile kitatutia ndani."

"Ndiyo. Umeelewa vizuri."

Opereta wa posta, ambaye bila shaka alikuwa ameacha laini nyingine zote, akakohoa. Mhariri aliahidi kuitia habari ya Mwalimu, na aliitia: mistari michache ukurasa wa tano, na neno "inadaiwa" limebandikwa mbele kama kiraka. Lakini ilichapwa. "Mwandishi wetu alishuhudia risasi ikifyatuliwa kutoka nje ya ndege." Sentensi hiyo hakuigusa.

Asubuhi hiyo hiyo habari yetu ilipotoka, gazeti la Bwana Suti lilikuwa na kichwa kinachotisha. Yeye hakuona kitu pale getini, kwa hivyo alitunga. Aliandika kwamba makomando walipiga mbizi ziwani, wakapita chini ya gugumaji wakipumua kwa mirija, wakatokea nyuma ya ndege. Hapa Kisumu watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mvuvi mmoja pale stendi alisema hata mamba siku hizi anapotea chini ya gugu, sembuse mtu wa Nairobi. Lakini Nairobi waliamini. Mhariri akanipigia kunitukana: mwenzangu amepata habari, mimi nimempa mazishi. Ningeweza kusema ni uongo. Sikusema. Nilikaa kimya nikauacha uongo wa Bwana Suti utembee nchi nzima, nikauombea afya.

Siku ya pili Afande akaniita. Alikuwa na gazeti letu mezani, limekunjwa ukurasa wa tano.

"Mama, umetoa siri za usalama."

"Siri gani, Afande?"

"Hii ya risasi kutoka nje."

"Hiyo si siri. Hilo ni kosa. Siri ninayo, na sikuiandika."

Akacheka kwa dharau. "Siri gani? Waandishi wote walikuwa kwa geti."

"Mimi sikuwa kwa geti."

Nikamsimulia, taratibu, kwa sauti ya chini. Nani alitangulia, nani alifuata, mkono upi ulifungua nini. Nilipofika kwa yule mtu asiye na bunduki, Afande akainuka mwenyewe akaenda kufunga mlango wa ofisi. Aliporudi kukaa alikuwa amepoteza ile sauti yake ya kambini.

"Umeambia nani?"

"Nimekuambia wewe, sasa hivi."

"Na mhariri wako?"

"Ameitaka. Nimemnyima."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yule mtu kesho anaamka anaenda kazini. Nikiandika, hatafika mwisho wa mwezi. Lakini usinichanganyie mambo, Afande. Yule ninamficha ili aishi. Mwalimu unamficha ili wewe uwe salama kwenye kiti. Hivyo viwili usiviweke kwa gunia moja halafu uliite usalama."

Nilidhani nalala ndani siku hiyo. Kisha akanionyesha mlango kwa kidole. Nilitoka nimenyoosha shingo, nikafika ngazi za posta, nikakaa pale mpaka walipofunga milango. Ujasiri wangu ulikuwa wa mdomoni tu.

Wiki iliyofuata akaja mgeni ofisini. Shati safi, viatu vya Nairobi, na kwapani gazeti la Bwana Suti. Alisema ni mpwa wa mmoja wa abiria.

"Pole kwa yaliyowapata," nikamwambia.

"Asante, Mama. Nilikuwa nataka kuuliza tu. Hawa makomando kweli walitoka kwa ziwa?"

"Ndivyo gazeti limesema."

"Lakini nasikia kuna mtu wa hapa hapa aliwasaidia."

Nitawapa ujuzi mmoja wa kazi hapa, uchukueni. Ndugu wa abiria huuliza mtu wake alikaa upande gani, aliogopa, alilia, alikula nini. Huyu hakuwahi hata kumtaja mjomba wake. Aliuliza mlango. Nikajua naongea na yule mwenzao wa tatu.

"Kisumu watu husikia mengi," nikasema. "Mimi nilikuwa kwa geti na wenzangu, hiyo risasi niliisikia tu, sikuona hata tairi la ndege. Lakini hiyo ya ziwani nina uhakika nayo. Shemeji yangu ni mvuvi, aliona mirija ikitembea juu ya gugu."

Sina shemeji mvuvi. Katika karatasi sijawahi kuandika uongo, na mnaweza kwenda kufukua magazeti yote. Kwa mdomo nilidanganya siku ile, nikadanganya kwa kutia chumvi, na nikiulizwa na Mola wangu nitamwambia hivyo hivyo. Mgeni aliuliza maswali mawili matatu ya mirija, akaandika kwenye kipande cha karatasi, akashukuru, akaondoka. Nilimpelekea Afande habari kupitia mtu tuliyemwamini wote wawili. Hawakumpata wakati ule. Alikamatwa baada ya miezi, mahali pengine, kwa jambo jingine. Muda wote huo yule mtu wa uwanjani aliendelea kwenda kazini, na hakuna aliyegeuza shingo kumtazama.

Mwisho wa mwezi mhariri akanifuta kazi. Barua ilisema sina moyo wa habari. Nikaibandika ukutani, ikakaa pale mpaka mende wakaimaliza. Niliandikia magazeti mengine kwa vipande vipande mpaka nilipozeeka, na sikuwahi kumwandikia mhariri yule kumwomba chochote.

Mazishi ya Mwalimu Ogutu nilihudhuria. Mnajua matanga ya kwetu huku: kila mtu atasema, na lazima isemwe mtu alikufa vipi. Mwakilishi wa serikali alisimama akasoma rambirambi, watekaji hivi, watekaji vile. Akasimama binti wa Mwalimu, mwalimu kama baba yake, akatoa kwenye Biblia kipande cha gazeti letu kilichokatwa kwa makasi. Akakisoma mbele ya watu wote, mara mbili, polepole kama anavyowasomea watoto darasani. Lile "inadaiwa" alilipita. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyelia. Yule mwakilishi alikaa akiangalia viatu vyake mpaka mwisho.

Mtaniambia nyakati zimebadilika. Juzi pale Kondele majambazi walijifungia dukani na mwenye duka. Kijana mmoja akarusha moja kwa moja kwa simu yake polisi wakijipanga nyuma ya ukuta, na anataja mpaka rangi ya ukuta. Majambazi nao wana simu. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba watu wana haki ya kujua. Wana haki, mwanangu. Wana haki ya kujua polisi akiua mtu asiye na hatia, akiiba, akidanganya, na hapo usirudi nyuma hata ukifukuzwa kazi. Lakini mwenye duka aliyekuwa sakafuni na kisu shingoni naye alikuwa na haki yake, na wewe uliiuza. Soma kama mwizi kabla hujabonyeza. Hasira zangu hapa sizifichi, na sitazipunguza kwa kuwa nimealikwa chai.

Na yule mtu? Kwa miaka hatukusalimiana. Tulipokutana soko la Kibuye, kila mmoja alitazama mboga zake. Alijua kwamba najua, maana siku ile, akiwa anatembea kuielekea ndege, aligeuza uso akatuona sisi wapepeta mtama, na macho yetu yakakutana. Mbinu ya kumlinda ilikuwa ni kutomjua.

Miaka kadhaa baadaye, alasiri moja, nilisikia hodi nyumbani kwangu Kaloleni. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mchanga kifuani. Nikamkaribisha, nikatia chai. Alikunywa vikombe viwili bila kusema jambo la maana. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya samaki. Aliposimama kuondoka ndipo akaniwekea mtoto mikononi.

"Huyu amezaliwa baada ya hiyo mambo," akasema. "Kama ungeandika, huyu hangekuwa. Kwetu mtoto anapewa jina ya mtu ambaye alisimama. Tumempa yako. Pasta aliuliza kwa nini jina ya Kiislamu, tukamwambia tumeipenda tu."

Nililia mbele yake, mimi niliyemjibu Afande, na mtoto akanitazama tu.

Mtoto huyo sasa ni mwanamke mzima. Ni Mjaluo, anaimba kanisani Jumapili, na ana jina langu la Kaloleni ambalo hakuna mwingine kwao analo. Mzazi wake yu hai, anapunga upepo nyumbani jioni kama wastaafu wengine. Ndiyo maana jina langu halimo humu, wala kazi ya yule mtu, wala mlango. Basi wewe mwenye simu, uliza swali jingine.